Hans Peter Luhn

Hans Peter Luhn (Barmen, Ujerumani, 1 Julai 1896 – Armonk, New York, Marekani, 19 Agosti 1964) alikuwa mhandisi na mvumbuzi aliyezaliwa Ujerumani na kufanya sehemu kubwa ya kazi zake nchini Marekani, hasa katika kampuni ya IBM. Anajulikana zaidi kwa mambo mawili: kanuni ya kukagua namba inayoitwa kwa jina lake, na wazo la hashi, yaani kuitumia data yenyewe kukokotoa mahali pa kuiweka katika kumbukumbu ya kompyuta. Alipata hataza zaidi ya 80, nyingine zikiwa hazihusiani kabisa na kompyuta.

Maisha

Barmen, ambao leo ni sehemu ya jiji la Wuppertal, ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Baba yake Luhn alikuwa mchapaji, na kijana alipelekwa Sankt Gallen, Uswisi, ajifunze kazi hiyo ili aje kuingia katika biashara ya familia. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikatiza mpango huo, naye akatumika katika jeshi la Ujerumani kama ofisa wa mawasiliano.

Baada ya vita aligeukia biashara ya nguo, na ndiyo iliyomfikisha Marekani katika miaka ya 1920. Huko alibuni Lunometer, kipande chenye mistari myembamba ambacho kikilazwa juu ya kitambaa huonyesha kina nyuzi ngapi kwa kila inchi, bila mtu kuzihesabu mmojammoja. Kifaa hicho kiliendelea kuuzwa miongo mingi baada ya kifo chake. Kati ya hataza zake nyingine kuna koti la mvua la kukunjwa, na mwongozo wa kuchanganya vinywaji ambao humwonyesha mwenye nyumba anachoweza kuandaa kwa chupa alizo nazo. Hilo la mwisho linaweza kuonekana mzaha, lakini limebeba swali alilolirudia maisha yake yote: ukiwa na vitu vingi mbele yako, utakipataje upesi kile kinachofaa?

Katika miaka ya 1930 aliendesha ofisi yake mwenyewe ya uhandisi, na mwaka 1941 alijiunga na IBM. Alikuwa na umri wa miaka 45, mtu wa uchapaji na nguo, na kompyuta za kielektroniki zilikuwa bado hazijaanza kuuzwa. Mwaka 1947 wanakemia James Perry na Malcolm Dyson waliiendea IBM wakitafuta mashine ya kuwasaidia kupekua maandishi mengi ya kemia. Kutokana na ombi hilo Luhn alitengeneza mashine ya kupekua kadi iliyoitwa kwa jina lake, na tangu hapo utafutaji wa habari ukawa kazi yake kuu. Alistaafu mwaka 1961. Alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1964, mwaka uleule alipokuwa rais wa taasisi ya wataalamu wa nyaraka ya Marekani.

Hashi

Mnamo Januari 1953 Luhn aliandika waraka wa ndani wa IBM uliopendekeza njia mpya ya kupanga data. Hadi wakati huo njia za kawaida zilikuwa mbili: kupitia orodha yote tangu mwanzo hadi mwisho, au kuipanga orodha kwa alfabeti au kwa ukubwa na kuigawa nusu kwa nusu. Orodha ya majina 1,000,000 iliyopangwa hudai hatua 20 hivi. Isiyopangwa inaweza kudai hatua 1,000,000.

Luhn alisema data iwekwe katika "ndoo" zenye namba, na namba ya ndoo ikokotolewe kutokana na data yenyewe. Chukua namba ya simu 0123456789. Igawe kwa jozi: 01, 23, 45, 67, 89. Jumlisha tarakimu za kila jozi: 1, 5, 9, 13, 17. Bakiza tarakimu ya mwisho ya kila jumla, na namba ya ndoo ni 15937. Siku ya kuitafuta, hesabu hiyohiyo inarudiwa na mashine inakwenda moja kwa moja kwenye ndoo hiyo.

Namba mbili tofauti zinaweza kugongana. Kwa njia hiyo 1032547698 nayo inaangukia 15937. Jibu la Luhn lilikuwa kufunga vitu vya ndoo moja kwa mnyororo, kila kimoja kikionyesha kinachofuata, na kuupitia mnyororo huo mfupi tu. Wakati uleule Gene Amdahl na wenzake, nao wa IBM, walifikia wazo la karibu na hilo, ila kwao kitu kilichokuta nafasi imejaa kilisogea hadi nafasi tupu iliyofuata. Njia zote mbili zinatumika hadi leo.

Wazo hilo limo ndani ya karibu kila lugha ya programu, na wanaoanza kujifunza hukutana nalo kwa kawaida siku programu inapokataa kwenda. Katika Python, mtu anayejaribu kuitumia orodha kama ufunguo wa kamusi (muundo unaooanisha funguo na thamani) huambiwa kwamba aina hiyo haihashiki. Sababu ni ileile ya ndoo. Orodha hubadilika. Kama ingewekwa katika ndoo fulani kisha ikaongezewa kitu kimoja, hesabu ya pili ingetoa namba nyingine, na mashine ingetafuta mahali ambapo orodha haipo. Data ingekuwa imepotea ikiwa bado ndani. Kosa la kimya la namna hiyo ni baya kuliko ujumbe wa kukataliwa. Dawa ya kawaida ni kuigeuza orodha kuwa mfuatano usiobadilika, ambao Python huuita tuple. Lakini mfuatano wenye orodha ndani yake hukataliwa vilevile, na hapo ndipo wengi hukwama mara ya pili.

Maelezo ya aina za data, yaliyopata kanuni rasmi katika Python 3.5 mwaka 2015, hayazuii kosa hilo yenyewe. Mwandishi anaweza kueleza kwamba kazi yake inapokea tuple, kisha akaipa orodha. Python itaendelea bila neno hadi mstari ambao kitu hicho kinatumiwa kama ufunguo. Mara nyingi mstari huo uko mbali na pale kosa lilipoanzia. Ni zana za nje kama mypy zinazosoma maelezo hayo kabla programu haijaendeshwa na kuonyesha mahali penyewe.

Faharasa na ikisiri

Mwaka 1958 Luhn alitangaza kazi zilizomletea sifa wakati wa uhai wake. Moja ilikuwa programu iliyotoa ikisiri ya makala kwa kuhesabu maneno yanayojirudia na kuchagua sentensi zenye maneno hayo mengi. Nyingine ilikuwa KWIC, faharasa ambamo kila neno muhimu la kichwa cha makala hupangwa kwa alfabeti likiwa na maneno jirani yake pande zote mbili. Jarida la Chemical Titles lilichapishwa kwa mtindo huo tangu 1961. Njia hii inafaa lugha ambazo maneno hubadilika mwishoni. Kwa Kiswahili ingeweka "kitabu" kwenye K na "vitabu" kwenye V, hivyo mtafutaji angelazimika kuangalia mara mbili.

Kanuni ya Luhn

Tarehe 6 Januari 1954 Luhn aliomba hataza ya kifaa cha mkononi cha kukagua namba, akapewa tarehe 23 Agosti 1960. Kifaa kilikuwa cha gurudumu na meno, lakini hesabu yake ndiyo iliyodumu. Tuseme namba ni 5824. Kuanzia kulia, tarakimu moja huzidishwa kwa 2 na inayofuata huachwa: 4 inakuwa 8, 2 inabaki, 8 inakuwa 16, 5 inabaki. Matokeo yakifika 10 au zaidi, tarakimu zake hujumlishwa, hivyo 16 ni 7. Jumla ni 22. Ili kufika 30 inahitajika 8, nayo huongezwa mwishoni: 58248. Mtu akiandika 52848 kwa kupishanisha, jumla inakuwa 33 na kosa linaonekana. Kanuni hukamata kila kosa la tarakimu moja na karibu kila mpishano wa tarakimu jirani, isipokuwa 09 na 90.

Namba za kadi za Visa na Mastercard hukaguliwa hivyo. Vivyo hivyo IMEI, namba ya utambulisho ya simu ya mkononi yenye tarakimu 15, ambayo ya mwisho ni ya ukaguzi. Mtu wa Bigwa mkoani Morogoro huiona kwa kubonyeza *#06# sawa na mtu wa Wuppertal. Watanzania wengi waliijua mwaka 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipowataka waihakiki kwa kutuma ujumbe kwenda 15090 kabla ya simu bandia kuzimwa mwezi Juni. Kanuni ya Luhn peke yake isingetosha kwa kazi hiyo. Inaweza kuonyesha kwamba namba imekosewa au imebuniwa ovyo, lakini IMEI iliyonakiliwa kutoka simu halisi hupita bila shida, kwa hiyo ilibidi namba zilinganishwe pia na orodha ya simu zinazotambuliwa.