Zélie Martin, mama wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu

Wakristu wa nchi za misioni wanamjua Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu. Sanamu yake imewekwa katika makanisa mengi, naye ameshika msalaba na maua ya waridi. Lakini si wengi wanaomjua mama aliyemzaa. Mama huyo hakuwa sista, wala hakufanya mwujiza wowote machoni pa watu. Alikuwa mke wa mtu, fundi wa sindano, na mama wa watoto tisa. Alicheka, alilia, alichoka kama wanawake wote. Hata hivyo, tarehe 18 Oktoba 2015, Papa Fransisko alimwandika yeye na mume wake pamoja katika hesabu ya watakatifu. Yafaa basi kujua ni kwa njia gani mama huyo alifika mbinguni.

Usichana wake

Zélie Guérin alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831, karibu na mji wa Alençon katika nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa askari. Mama yake alikuwa mwenye imani, lakini mkali mno. Zélie hakuonja upole mwingi utotoni, hata mwanasesere wa kuchezea hakupata. Mara nyingi kichwa kilimwuma.

Alipokuwa msichana mkubwa alitaka kuwa sista na kuwatumikia maskini pamoja na Masista wa Mtakatifu Visenti wa Paulo. Akaenda kubisha mlangoni pao. Mama mkuu alimsikiliza, kisha akamwambia wazi kwamba hayo siyo mapenzi ya Mungu juu yake. Zélie alihuzunika, lakini alitii. Tangu siku ile alimwomba Mungu ampe watoto wengi, na wote wawe mali ya Mungu.

Ilimpasa sasa kutafuta riziki. Tarehe 8 Desemba 1851, siku ya sikukuu ya Bikira Maria, alisikia moyoni mwake kwamba afanye kazi ya lesi. Lesi ni kitambaa chepesi cha nyuzi laini sana, na ile ya Alençon ilisifiwa katika Ulaya yote. Haikufumwa kwa mashine; ilishonwa kwa sindano, kipande kwa kipande. Zélie alifungua kazi yake mwenyewe. Wanawake walishona vipande nyumbani kwao, wakamletea kila siku ya Alhamisi. Naye akaviunganisha kwa mkono wake hata mshono usionekane. Kazi hiyo yataka macho makali na subira nyingi.

Ndoa yao

Siku moja, mwaka 1858, Zélie alikuwa akipita juu ya daraja mjini Alençon, akakutana na mtu mwenye uso wa utulivu. Huyo alikuwa Louis Martin, fundi wa saa. Louis naye alikuwa ametaka kuingia monasterini, akakataliwa kwa sababu hakujua Kilatini. Miezi michache baadaye wakapokea Sakramenti ya Ndoa, usiku wa kuamkia tarehe 13 Julai 1858. Louis alikuwa na miaka 34, Zélie 26.

Mwanzoni walidhani kwamba imewapasa kuishi kama kaka na dada ili wampendeze Mungu zaidi. Wakakaa hivyo miezi kumi. Ndipo padri aliyewaungamisha akawafahamisha kwamba ndoa yenyewe ni njia takatifu, na kwamba kuzaa watoto na kuwalea kwa ajili ya Mungu ni kazi ya Mungu mwenyewe. Wakamtii. Toka hapo walipokea kila mtoto kwa furaha kuu, nao walifanya haraka kumpeleka kwenye Ubatizo, wala hawakungoja majuma yapite.

Desturi za nyumba yao

Kila siku, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Louis na Zélie walikuwa kanisani kwa Misa. Majirani waliposikia mlango wao ukifungwa walijua kwamba ni mapema bado, wakaendelea kulala. Jioni watu wote wa nyumba walipiga magoti pamoja mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Siku ya Jumapili Louis hakufungua duka lake, ingawa wengi walikuja siku hiyo kununua, na rafiki zake walimshauri aache wazi mlango mdogo wa kando. Alipendelea kukosa faida kuliko kuivunja siku ya Bwana. Katika Kwaresima walifunga sawasawa na amri ya Eklezya. Zélie hakujidai kwamba kufunga ni kwepesi. Kulimlemea, akafurahi Pasaka ilipokaribia. Lakini alifunga.

Kazi ya lesi ilimkesha usiku mara nyingi. Mchana aliwaangalia watoto, usiku aliinamia sindano. Wafanyakazi wake aliwapenda kama jamaa. Mmoja akiugua, alikwenda kumtazama siku ya Jumapili baada ya sala za jioni. Kazi ilipozidi, Louis aliuza duka lake la saa mwaka 1870, akamsaidia mkewe kuandika hesabu na kusafiri kwa ajili ya biashara. Hivyo mume hakuona haya kushika kazi ya mkewe, na mke hakumdharau mumewe kwa sababu hiyo.

Machozi ya mama

Marie alizaliwa mwaka 1860, Pauline mwaka 1861, Léonie mwaka 1863, Hélène mwaka 1864. Lakini Zélie alitamani sana jambo moja: mtoto wa kiume atakayekuwa padri na misionari. Alimwomba Mtakatifu Yosefu. Mwaka 1866 akazaa mwana, akamwita Joseph. Furaha yake ilikuwa kubwa. Aliitazama mikono midogo ya mtoto, akaiona tayari ikiinua kalisi altareni. Joseph alikufa tarehe 14 Februari 1867, hajatimiza miezi mitano.

Zélie akaomba tena. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, akazaa mwana wa pili, naye akamwita Joseph. Lakini maradhi ya kifuani hayakumwacha mtoto huyo, akafa tarehe 24 Agosti 1868. Siku chache baadaye Zélie akamzika baba yake pia.

Mwezi wa Februari 1870 Hélène alifariki, naye alikuwa na miaka mitano. Huyu mama alimlilia kupita wote. Kisha fikira moja ikamtesa: Hélène aliwahi kusema uwongo mdogo, wala mama hakumpeleka kuungama. Akaenda kumlilia Bikira Maria mbele ya sanamu ya nyumbani, na moyo wake ukapata amani.

Miezi sita baadaye alizaliwa Mélanie-Thérèse. Zélie hakuweza kumnyonyesha kwa sababu ya ugonjwa wa ziwa lake, basi akamtia mikononi mwa mwanamke mwingine. Mwanamke huyo hakumtunza. Mama alipotambua, mtoto alikuwa amekwisha dhoofu kwa njaa, naye akafa tarehe 8 Oktoba 1870. Halafu vita vikaja: askari wa Prusia waliingia Alençon, na tisa kati yao wakawekwa nyumbani mwa Zélie, wakila chakula chake.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Watu wengine, wakidhani wanamfariji, walimwambia kwamba ingekuwa heri asingaliwazaa watoto hao. Neno hilo hakulikubali kamwe. Aliamini kwamba taabu na machozi yake havilingani na heri ya milele ya watoto wake, na kwamba hawakupotea: wamebatizwa, wako kwa Mungu, naye atawaona tena. Alilia, lakini hakulia kama mtu asiye na matumaini.

Mtoto wa mwisho

Céline alikuwa amezaliwa mwaka 1869. Tarehe 2 Januari 1873 akazaliwa wa tisa, Thérèse, akabatizwa siku ya pili yake kupita. Baada ya miezi miwili huyu naye akawa mahututi. Alfajiri moja Zélie alikwenda kwa miguu mpaka kijiji cha Semallé kumwomba mama mmoja wa shamba, Rose Taillé, aje kumnyonyesha. Rose alipofika na kumwona mtoto, akatikisa kichwa. Zélie akapanda chumbani mwake, akapiga magoti mbele ya Mtakatifu Yosefu, akaomba mtoto apone, huku akimwachia Mungu yote. Aliposhuka, mtoto alikuwa akinyonya kwa nguvu. Kisha mtoto akalala kama maiti. Mama akashukuru kwamba amekufa kwa amani. Mara Thérèse akafumbua macho, akatabasamu.

Alikaa na Rose shambani mwaka mmoja na zaidi, akarudi mwenye afya. Sasa nyumba ilijaa kicheko. Thérèse alipopanda ngazi peke yake, kwenye kila kidato alimwita mama. Mama asipoitika alisimama palepale, wala hakupanda tena hata aitikiwe. Zélie, mwenye kazi tele mikononi, aliitika kwenye kila kidato. Na usiku aliyaandika mambo hayo madogo katika barua kwa Marie na Pauline waliokuwa shuleni.

Léonie

Mmoja wa mabinti alimtia mama huzuni ya namna nyingine. Léonie alikuwa mgumu. Hakusikia, hakutii, na mara mbili shule ya masista ilimrudisha nyumbani. Mama alijaribu upole na ukali pia, bila faida. Lakini hakusema kamwe kwamba mtoto huyu amepotea. Mwanzo wa mwaka 1877 dada yake Zélie, aliyekuwa sista katika mji wa Le Mans, alikuwa akikaribia kufa. Zélie akamwomba amkumbuke Léonie atakapofika mbinguni. Dada huyo akafariki tarehe 24 Februari.

Majuma machache baadaye siri ikafunuka: mtumishi wa nyumbani alikuwa akimtisha Léonie kwa siri na kumpiga, akimlazimisha kumtii yeye peke yake. Zélie akamwondoa mtoto katika mikono yake mara moja, akamweka karibu naye. Tangu siku ile Léonie alibadilika. Hakutaka tena kuachana na mama yake.

Msalaba wa mwisho

Lakini siku za mama zilikuwa zimehesabiwa. Ule uvimbe wa ziwani ulikuwa kansa. Mwezi wa Desemba 1876 mganga alimwambia kwamba kupasuliwa hakutafaa kitu tena. Zélie alitaka kupona, hasa kwa ajili ya Léonie aliyekuwa ameanza tu kufunguka moyo. Mwezi wa Juni 1877 akaenda Lourdes pamoja na mabinti zake watatu wakubwa. Safari ilimchosha vibaya. Mara nne aliingia katika maji yale, na mara nne akatoka na ugonjwa wake. Louis aliyemngojea nyumbani alistaajabu kumwona akirudi na uso wa furaha, kama mtu aliyepewa alichoomba.

Aliendelea kushona hata nguvu zikamwishia. Ijumaa ya kwanza ya Agosti alijikokota mpaka kanisani kwa Misa. Akapakwa Mafuta Matakatifu, na tarehe 28 Agosti 1877, baada ya usiku wa manane, akafariki dunia, mwenye miaka 45. Thérèse alikuwa na miaka minne.

Mavuno

Louis akahamia Lisieux pamoja na watoto, karibu na mjomba wao. Mabinti wote watano wakawa masista. Pauline, Marie, Thérèse na Céline waliingia Karmeli ya Lisieux. Léonie alijaribu mara tatu akashindwa. Mara ya nne, mwaka 1899, aliingia kwa Masista wa Maamkio ya Bikira Maria mjini Caen, akadumu hata kufa mwaka 1941.

Na yule misionari aliyeombwa? Thérèse alipokuwa monasterini alikabidhiwa mapadri wawili wa misioni awaombee kama kaka zake. Mmoja alikwenda China. Wa pili, Maurice Bellière, alijiunga na Mapadri Weupe mwaka 1897, akaja kufanya kazi Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi. Thérèse alifariki mwaka huo huo 1897, akatangazwa mtakatifu mwaka 1925. Tena mwaka 1927 Papa Pius wa 11 akamweka kuwa msimamizi wa misioni zote za dunia. Zélie alimwomba Mungu misionari mmoja. Mungu akampa binti anayewaombea wote, naye mama hakuliona jambo hilo kwa macho ya mwili.

Ninyi akina mama mnaojitayarisha kwa Ubatizo, msidhani kwamba utakatifu u mbali nanyi. U katika kuamka mapema, katika kuwafundisha watoto ishara ya msalaba, katika kazi ya mikono isiyo na hila, katika kumvumilia mtoto mgumu. Ninyi akina baba, mwigeni Louis aliyesali, akafanya kazi na kulia pamoja na mke wake. Na yeyote aliyezika mtoto akumbuke kwamba Zélie alizika wanne, wala hakuacha kumwita Mungu Baba.

Watakatifu Louis na Zélie, mtuombee.