Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka

Benedicto Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 katika wilaya ya Masaka, nchini Uganda. Alitumikia jeshi wakati wa vita vya pili vya dunia, akasoma Basutoland na London, akarudi kwao mwaka 1956 akiwa mwanasheria. Miaka miwili baadaye akawa kiongozi wa Democratic Party, chama ambacho wafuasi wake wengi walikuwa Wakatoliki kama yeye. Tarehe 1 Machi 1962 alifanywa Waziri Mkuu. Hakukaa hata miezi miwili: chama chake kilishindwa katika uchaguzi wa Aprili, na uhuru wa Oktoba ukapokewa na Milton Obote.

Hapa msomaji na aangalie sana habari za katiba. Katiba ya uhuru ilivunjwa mwaka 1966 na Obote mwenyewe. Wabunge waliletewa katiba nyingine, wakaipitisha siku ile ile pasipo kuisoma. Waliambiwa nakala zao watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Kisha mtu mmoja aliyetiwa kizuizini, Matovu, aliiomba Mahakama Kuu imfungue. Majaji walijibu kwamba mapinduzi yakisha kufaulu huzaa sheria mpya, wakaikubali katiba ile kuwa halali. Sisi twaona lilikuwa jibu la hatari, maana kwa kipimo hicho kila mwenye bunduki nyingi ana katiba yake. Miaka mitano haijatimia, akaja mwenye bunduki nyingi zaidi.

Idi Amin alitwaa nchi tarehe 25 Januari 1971. Kiwanuka, aliyefungwa tangu 1969, aliachiliwa, na mwezi wa Juni Amin akampa kiti cha Jaji Mkuu, mwananchi wa kwanza kukikalia. Wako waliomlaumu kwa kukipokea. Ni kweli kwamba Bunge halikuwapo tena, na nchi ilitawaliwa kwa amri za mtu mmoja. Askari walipewa uwezo wa kukamata raia, na mwaka 1972 amri nyingine ikaikinga serikali isishtakiwe. Mahakama zilibaki wazi, na majaji walivaa majoho yao kama zamani. Lakini anayemlaumu na ajiulize nani angeketi pale badala yake.

Mwezi wa Septemba 1972 Kiwanuka alisikiliza ombi la Mwingereza mmoja, Daniel Stewart, aliyezuiliwa na askari. Aliamua kwamba kuzuiliwa kule hakukuwa halali, akaamuru afunguliwe. Siku hizo Waasia walikuwa wakifukuzwa, na tarehe 17 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kwa silaha kutoka Tanzania; jaji mwenye kutaka salama yake angeahirisha shauri. Tarehe 21 watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu, Kampala, wakamkamata Jaji Mkuu, wakamtia katika motokaa. Alikuwa na umri wa miaka 50. Maiti yake haikuonekana kamwe, na jamaa zake hawakupata hata kaburi la kulilia.