Festo Kivengere: Safari fupi iliyomtoa mwalimu darasani

WANAOVUKA mpaka kila wiki pale Katuna wanaijua milima ya Kigezi. Mmoja kati ya watu walioipanda usiku, wakikimbia kuuawa, ni mwalimu mwenzangu, marehemu Askofu Festo Kivengere wa Uganda. Hilo lilitokea Februari 1977. Lakini mimi hadithi yake napenda kuianzia kwenye safari nyingine, ya kwenda Australia.

Sababu ninayo. Nilisomea katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, na mara kwa mara vikundi vya wageni vilikuja kutuhubiria. Walikaa siku tatu, pengine wiki, wakagawa kalamu, wakapiga picha nasi, wakaondoka huku wengine wakilia. Sisi tukarudi kwenye foleni ya unga. Kwa miaka mingi nimejiuliza wale watu walikwenda kuwa nani huko kwao, na sijapata jibu. Kwa Kivengere jibu lipo.

Alizaliwa mwaka 1919 upande wa Rukungiri, katika jamii ya wafugaji, na utotoni alichunga ng'ombe kabla ya kuingia shule. Akawa mwalimu. Wakati huo uamsho uliotoka Gahini, nchini Rwanda, ulikuwa umeenea Kigezi, na walokole walikwenda kwa vikundi kutoka kijiji hadi kijiji wakitubu hadharani na kurudisha vitu vya watu. Kivengere aliwachukia. Alikuwa mnywaji, na dini alikuwa ameitupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 naye akaokoka, na hapo ndipo penye jambo linalonisumbua mpaka leo: alipanda baiskeli yake, akaendesha kilometa 80 hivi za milima mpaka Kabale, kwenda kumwomba msamaha Mwingereza mmoja aliyekuwa akimchukia. Tena nchi ilikuwa chini ya Waingereza, na mwenye haki ya kudai kuombwa radhi, kwa hesabu zangu, alikuwa Kivengere.

Mwaka 1943 alimwoa Mera, na katikati ya miaka ya 1940 wakahamia Tanganyika kufundisha Dodoma, alikofika hadi Alliance, shule ambayo baadaye iliitwa Mazengo. Walikaa huko zaidi ya miaka kumi. Sisi tuliofundishwa ugenini tunajua maana ya kusimama mbele ya darasa lisilo la kwenu. Kiswahili chake kilikomaa kiasi kwamba mwaka 1960, mhubiri Billy Graham wa Marekani alipofika Moshi, Kivengere ndiye aliyemtafsiria mbele ya maelfu ya watu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1959, ndipo ilipokuja safari ya Australia. Wamisionari wengi wa Dodoma walitoka huko, na sasa Waaustralia wakawaalika Waafrika wawili wakawahubirie wao: Kivengere na Askofu Yohana Omari, ambaye mwaka 1955 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwekwa kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika. Mzigo uligeuzwa upande wa pili. Walihubiri makanisani kwa Wazungu, na walifika pia kwa wenyeji wa asili wa nchi ile, watu ambao mpaka kura ya maoni ya mwaka 1967 katiba ilikuwa haiwahesabu katika idadi ya watu. Naweza kuwaza wenyeji hao walivyowatazama Waafrika wawili waliokuja kama wageni wa heshima.

Safari ikaisha, wakarudi. Lakini Kivengere hakuweza tena kutosheka na chaki. Akarejea Uganda, na haikuchukua miaka mingi akaacha kazi ya elimu akawa mhubiri wa kusafiri. Mwalimu anayeacha mshahara wa uhakika, ana mke na mabinti wanne, hafanyi mchezo. Baadaye alisomea theolojia Pittsburgh, Marekani, akawekewa mikono, na mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi, Idi Amin akiwa madarakani.

Februari 1977 maaskofu walimwandikia Amin barua kulalamikia mauaji. Tarehe 16 waliitwa Kampala, wakaruhusiwa kuondoka isipokuwa Askofu Mkuu Janani Luwum. Kivengere alikuwa miongoni mwa waliobaki wakimsubiri nje, wakafukuzwa. Luwum aliuawa, serikali ikatangaza ajali ya gari. Siku chache baadaye, alipofika kwake Kabale, Kivengere aliambiwa kwamba anatafutwa. Yeye na Mera wakapanda milima kwa miguu usiku, na kulipokucha walikuwa Rwanda.

Uhamishoni hakukaa bure. Alisaidia kuanzisha mpango wa kuwasomesha wakimbizi wa Uganda, na herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza ziliunda neno lenye maana ya kurudi. Mwaka huohuo alitoa kitabu ambacho jina lake tu liliwakasirisha wengi, maana lilisema anampenda Idi Amin. Hakumaanisha kwamba anakubali matendo yake. Alimaanisha kwamba chuki haitamrudisha Luwum, na kwamba hataki kuibeba.

Amin aliangushwa 1979, Kivengere akarudi Kigezi mwaka huohuo. Mwaka 1983 aliwaweka wanawake katika upadri, jambo ambalo wakuu wenzake hawakulipokea vizuri. Alifariki Nairobi Mei 1988 kwa saratani ya damu.

Mimi niliporudi Burundi mwaka 2004 nilikuta kiwanja cha baba kimejengwa nyumba ya mtu mwingine. Kesi ilikwenda, ikarudi, ikaisha vibaya kwetu. Mtu huyo tunapishana njiani tunasalimiana, basi. Kutoka kwangu hadi kwake si kilometa 80, ni mwendo wa dakika kumi, na baiskeli ninayo.