Paul Robeson: Mwigizaji aliyejifunza Kiswahili, kisha akanyang'anywa pasi



Nyumbani kwetu kulikuwa na santuri moja ambayo marehemu baba hakumruhusu mtoto yeyote kuigusa. Aliiweka mwenyewe, jioni, akishamaliza kula, na mara chumba kizima hujaa sauti ya mtu mmoja, nzito na tulivu, hata sisi watoto tukanyamaza bila ya kukemewa. Sikujua anaimba nini. Nilijua jina tu: Paul Robeson. Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kuwa mkimbizi hapa Uingereza, nilianza kuzitafuta filamu zake moja moja, na mpaka leo nikiulizwa ni mwigizaji gani nimpendaye kuliko wote, jina ni hilo hilo.

Kwa faida ya vijana wasiomjua, Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka akiwa kijana, akasoma na hatimaye akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake alifariki kwa ajali ya moto mwaka 1904, Paul akiwa na miaka mitano.

Mwaka 1915 alipata nafasi ya kusomeshwa bure katika Chuo cha Rutgers, ambako wanafunzi Weusi waliomtangulia walikuwa wawili tu. Alikuwa bingwa wa futiboli ya Kimarekani, akachaguliwa mara mbili kuwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima, na alipomaliza mwaka 1919 ndiye aliyehutubia kwa niaba ya wenzake. Kisha akasomea sheria Columbia, akahitimu mwaka 1923. Lakini katika ofisi ya mawakili alikoajiriwa, karani Mzungu alikataa kuandika maneno aliyosomewa na mtu Mweusi. Robeson akaiacha sheria, akaingia jukwaani. Mkewe, Eslanda, ndiye aliyemhimiza na kumsimamia kazi zake.

Filamu yake ya kwanza, Body and Soul ya mwaka 1925, iliongozwa na Oscar Micheaux, Mmarekani Mweusi. Humo Robeson anacheza watu wawili, mhubiri laghai na ndugu yake mwema. Ni filamu isiyo na sauti, na mtu angedhani kumwona Robeson bila ya kumsikia ni hasara tupu. Sivyo. Uso wake peke yake unatosha kumfanya mtazamaji amchukie yule wa kwanza na amhurumie yule wa pili.

Mwaka 1928 alikuja London kucheza katika Show Boat, na mwaka 1930 akacheza Othello wa Shakespeare katika mji huu huu. Ni katika miaka hiyo ya London ndipo hadithi yake inapotugusa sisi moja kwa moja. Mwaka 1934 alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika cha Chuo Kikuu cha London, akasoma fonetiki na Kiswahili. Mwaka huo huo aliandika makala akieleza kwamba anataka kuwa Mwafrika. Naomba tukumbuke wakati wenyewe: bara lote karibu liko chini ya wakoloni, na wapo wasomi wetu waliokuwa wakiona haya kusema lugha za mama zao. Huyu mtoto wa mtumwa, aliyekwisha kuwa tajiri na maarufu, alikaa darasani kama mwanafunzi kujifunza lugha yetu.

Hapo hapo ndipo alipojikwaa. Mwaka 1935 ilitoka filamu Sanders of the River, iliyoongozwa na Zoltan Korda, na Robeson akicheza Bosambo, chifu wa Nigeria aliye rafiki wa afisa wa Kiingereza. Aliikubali kazi ile akiamini kwamba filamu itaonyesha utamaduni wa Kiafrika kwa heshima, kwa sababu Korda alikuwa amerudi na picha na nyimbo alizozinasa barani kwetu. Ilipomalizika, ikawa ni wimbo mrefu wa kuusifu ukoloni. Miongoni mwa Waafrika waliocheza sehemu ndogo humo alikuwamo Jomo Kenyatta, wakati huo mwanafunzi mwenye kutafuta riziki London, ambaye baadaye Waingereza walimfunga na mwisho akawa Rais wa kwanza wa Kenya. Kila nikiitazama namtafuta Kenyatta, na kila nikimtazama Robeson najisikia vibaya. Sauti ni ile ile ya santuri ya baba, lakini maneno aliyopewa si yake.

Robeson hakujitetea kwa visingizio. Aliikana filamu hiyo hadharani. Katika filamu ya Song of Freedom ya mwaka 1936, alidai haki ya kuidhinisha nakala ya mwisho kabla haijatoka. Mwaka huo huo Eslanda, aliyekuwa akisomea anthropolojia, alisafiri na mtoto wao hadi Afrika Kusini na Uganda, safari aliyoiandikia kitabu mwaka 1945.

Lakini niipendayo kuliko zote ni The Proud Valley ya mwaka 1940. Robeson ni baharia Mweusi anayefika Wales bila ya kazi. Wachimba makaa ya mawe wanaisikia sauti yake, wanamtaka katika kwaya yao, na mwisho anatoa roho yake ndani ya mgodi ili wenzake wapone. Hakuna anayemcheka wala kumfanya mtumishi. Ni mfanyakazi kati ya wafanyakazi. Basi alipoona kwamba Hollywood haina la kumpa ila kumdhalilisha Mtu Mweusi, baada ya Tales of Manhattan ya mwaka 1942 aliipa mgongo na hakurudi tena.

Baada ya vita aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika mjini New York, akitetea uhuru wa makoloni na haki za Weusi nchini mwake. Mwaka 1950 Serikali ya Marekani ikaifuta pasi yake ya kusafiria. Katika hoja zake mahakamani ilizitaja pia harakati zake kwa ajili ya uhuru wa watu wa Afrika. Yaani sisi tulikuwa sehemu ya kosa lake. Kumbi zikafungwa, mapato yakakatika. Mwaka 1952 alikwenda mpakani na Kanada, akasimama juu ya lori upande wa Marekani, akawaimbia maelfu waliokusanyika. Mwaka 1957 aliwaimbia wachimba migodi wa Wales kwa simu, sauti ikipita chini ya bahari. Pasi hakurudishiwa mpaka mwaka 1958, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua kwamba serikali haina mamlaka ya kumnyima mtu pasi kwa ajili ya imani yake ya kisiasa.

Mimi nami niliwahi kuipeleka pasi yangu katika ofisi moja ili ifanywe upya, na sikuiona tena. Walioko ughaibuni kwa sababu kama zangu wanajua uchungu wake: mzazi anazikwa, nawe unahesabu saa kwenye simu. Ndiyo maana ile sauti iliyopita chini ya bahari inanigusa kuliko filamu yoyote.

Wapo wanaomlaumu, na wana hoja. Aliisifu Urusi ya Stalin, mwaka 1952 akatunukiwa tuzo yenye jina la Stalin, na hakusema hadharani juu ya watu waliokuwa wakiuawa huko. Mpenzi wa kweli hafichi aibu ya ampendaye. Mtu aliyeiona dhuluma ya nchi yake kwa macho makali hivyo aliifumbia macho ya wengine.

Mwaka 1959 alicheza Othello tena, safari hii Stratford. Kisha afya ikavunjika. Alirudi Marekani mwaka 1963, akafiwa na Eslanda mwaka 1965, akaishi kimya kwa dada yake Philadelphia. Alifariki tarehe 23 Januari 1976, akiwa na miaka 77, na akaagwa Harlem katika kanisa ambalo kaka yake alikuwa mchungaji wake.

Hakupata filamu inayolingana na kipaji chake. Alichokipata ni nafasi ya kuchagua: anyamaze abaki na pasi, au aseme aipoteze. Alisema. Vijana wetu wanaoijua sura yake tu, au wasiomjua kabisa, waitafute The Proud Valley, wakae na wazee wao waitazame. Mimi santuri ya baba sikuweza kuja nayo, lakini sauti ninayo.