Bibi Beryl Markham na Injini Yake

Eropleni yangu ndogo ya mfano ilizimika angani hapa Kibaha, nami nikalaumu mafuta. Kumbe kitundu cha hewa cha tangi lake kilizibwa na vumbi tangu nilipoirusha likizoni kwetu Kisarawe. Ndipo nikamkumbuka Bibi Beryl Markham.

Bibi huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akakulia Njoro, Kenya, akijua Kiswahili. Kwanza alifundisha farasi wa mashindano, kisha akajifunza urubani. Mwaka 1933 alipata leseni ya kurusha abiria kwa malipo, ambayo ilimtaka aijue injini pia.

Mwezi wa Septemba 1936 alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Baada ya saa 20 na zaidi, barafu iliziba matundu ya hewa ya matangi, mafuta yasitiririke, injini ikazimika. Akaangukia topeni huko Kanada, lakini akanusurika. Alifariki Nairobi mwaka 1986.

Basi wenzangu, kabla ya kubadili mafuta au kugusa skrubu yoyote, kitazameni kwanza kile kitundu.