Charles Dow, mtoto wa mkulima aliyeipima Wall Street

Ukisikiliza habari za biashara utasikia Dow imepanda, mara Dow imeshuka. Labda ulidhani ni benki. Dow alikuwa mtu, tena jamaa ambaye hakusoma sana.

Charles Dow alizaliwa mwaka 1851 kijijini Sterling, jimbo la Connecticut, Marekani. Babake, mkulima, alifariki Dow akiwa na miaka sita. Alifanya vibarua vya kila aina kabla ya kuingia uanahabari. Mwaka 1879 gazeti lake lilimtuma Leadville, Colorado, pamoja na matajiri waliokuwa wakienda kukagua migodi ya madini ya fedha. Safari hiyo ilimwonyesha kitu: mwenye doo hutaka habari kwanza.

Mwaka 1882 alifungua kampuni na Edward Jones, aliyeacha chuo kikuu (mwenzangu huyo!), na Charles Bergstresser, ambaye masikini jina lake liliachwa nje. Ofisi ilikuwa chumba cha chini ya jengo, Wall Street. Walikusanya habari za soko, na karatasi zao zikakimbizwa kwa wateja siku hiyo hiyo. Mwaka 1889 kazi hiyo ikazaa gazeti la Wall Street Journal.

Sasa, enzi hizo kampuni nyingi zilificha hesabu zao. Mtu wa kawaida alinunua hisa kwa fununu, vile mimi nilivyonunua za kampuni moja kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp. Sitaki kukwambia zilibaki na thamani gani.

Dow alitaka uone soko lote kwa mkupuo. Mnamo Mei 26, 1896, alichukua hisa za kampuni 12, za sukari, tumbaku, ngozi, mpira, gesi na kadhalika, akajumlisha bei, akagawanya kwa 12. Akapata 40.94. Hiyo tu! Hesabu ya shule ya msingi.

Agosti mwaka huo huo kipimo kilianguka hadi 28.48. Yaani ungekuwa na elfu kumi humo, ungebaki na kama elfu saba, ndani ya miezi mitatu. Wewe ungetoroka? Mimi ningetoroka, na ningekosea, maana kipimo kilipanda tena.

Zile kampuni 12 hazimo tena kwenye orodha. General Electric ndiyo iliyokawia, ikatolewa 2018. Moja ikidorora, nyingine huingizwa mahali pake. Ndiyo maana mfuko unaofuata fahirisi haukuuzii kampuni. Unakuuzia orodha.

Dow hakuuona mfuko kama huo. Alifariki Desemba 4, 1902, akiwa na miaka 51. Ilikuwa 1976 ndipo John Bogle alipoanzisha mfuko wa watu wa kawaida, uliofuata fahirisi nyingine, S&P 500.

Leo unaweza kununua kwa simu ukiwa ndani ya matatu. Ila kuna hesabu ambayo Dow hakukufanyia, ya shilingi yako. Mapema 2024 dola ilikaribia Sh160; mwisho wa mwaka ilikuwa kama Sh129. Soko la Marekani lilipanda vizuri mwaka huo, lakini Mkenya aliyeingia Januari, akirudisha pesa kwa shilingi Desemba, alikuta faida nyingi imemezwa, kabla hata ya kukatwa ada.