Holmes wa Newcastle, bwana wa swichi

Edison anajulikana na kila mtu. Swan anajulikana na wachache waliosoma fizikia. Lakini kile kidude kilichoko ukutani kando ya mlango, ambacho wewe na mimi hukigusa mara kumi kwa siku bila kukifikiria, kina mwenyewe pia. Ni John Henry Holmes, mtu mashuhuri kwao Newcastle, ila huku kwetu Pwani sijawahi kumsikia mtu akimtaja. Nami ni fundi wa stima, nimefunga swichi kwenye nyumba za Mombasa tangu ujana wangu, kwa hivyo naona nina deni lake.

Holmes alizaliwa mwaka 1857 mjini Newcastle, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Ulikuwa mji wa makaa ya mawe, moshi na viwanda vya kuunda meli, kandokando ya mto Tyne. Jamaa yake walikuwa Marafiki, yaani Quakers, dhehebu lile lililoingia Kenya mwaka 1902 kupitia Kaimosi na ambalo hadi leo lina wafuasi wengi kule Magharibi. Dini yao naitaja kwa sababu. Mpaka mwaka 1871 sheria za Uingereza ziliwabana watu wasiokuwa wa kanisa la serikali wasifaidi vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, basi Marafiki wengi wakaelekea kwenye biashara na ufundi. Huko wakapata sifa ya ukweli wa mizani na ya kuuza kwa bei moja tu, hakuna kushusha wala kupandisha. Sidhani wangeelewana na soko la Kongowea, lakini ndivyo walivyokuwa. Holmes alilelewa katika hali hiyo, na mimi naiona ndani ya kazi yake.

Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mji wake ulikuwa kama umerogwa na taa. Joseph Swan, mkemia wa papo hapo Newcastle, alikuwa amekazana miaka mingi kutengeneza balbu ya uzi wa kaboni ndani ya kioo kisichokuwa na hewa. Tarehe 20 Oktoba 1880, katika ukumbi wa chama cha wasomi wa mji huo, Swan aliamuru taa 70 za gesi zipunguzwe, kisha akawasha zake za stima mbele ya watu. Mwaka huohuo taa zake zikafungwa kwenye jumba la Cragside, kaskazini ya mji, nyumba ya tajiri Armstrong, aliyekuwa akipata stima yake kwa nguvu ya maji ya kijito.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo penye utamu. Unajua walivyokuwa wakizima baadhi ya taa za Cragside? Taa ilikaa juu ya chombo cha mapambo, na stima ilifika kupitia kikombe cha zebaki. Ukitaka giza, unakiinua chombo kizima kutoka kwenye zebaki. Ukitaka mwanga, unakirudisha. Hebu fikiria watoto wetu na kikombe cha zebaki sebuleni!

Vilikuwepo vifaa vingine vya kuwashia na kuzimia, lakini navyo vilikuwa na balaa lake. Stima ya enzi zile ilikuwa ya DC, ile inayokwenda upande mmoja tu bila kugeuka, kama ya betri. Unapotenganisha vipande viwili vya shaba vinavyopitisha stima hiyo, haikatiki mara moja. Inaruka kwenye ule mwanya mdogo na kufanya mwali mweupe mkali, wenye joto la maelfu ya digrii. Mwali huo hula shaba na kuacha vishimo, na vishimo hufanya mgusano kuwa mbaya. Mgusano mbaya huzaa joto hata swichi ikiwa imewashwa vizuri. Na swichi nyingi wakati ule zilikalia mbao. Kilichobaki unakijua.

Mkato wa mwali huo ulitegemea mkono wa mtu. Mwenye mkono mwepesi alizima salama. Mzee aliyezungusha kitasa polepole, mtoto aliyekichezea, au mtumishi aliyesimama nusu njia akizungumza na mwenzake, hao waliuacha mwali uwake ndani ya kifaa. Na wenye kuuza vifaa walikuwa na jibu jepesi, lile tunalolisikia mpaka leo: kosa ni la mtumiaji.

Holmes alianzisha kampuni yake mwaka 1883, J. H. Holmes & Co., katika mtaa wa Shieldfield, Newcastle. Nyumba ya jamaa yake, iliyoitwa Wellburn, huko Jesmond, ikawa ya kwanza mjini kuwekwa taa za stima. Hili nalipenda sana. Kabla ya kuwauzia majirani alilala mwenyewe chini ya waya zake, yeye na wazee wake.

Mwaka uliofuata, 1884, akatoa swichi ya kukata haraka. Ufundi wake waweza kuelezwa kwa maneno machache. Kati ya mkono wa mtu na shaba, Holmes aliweka springi. Unapozima, mkono wako hauivuti shaba moja kwa moja, bali unaikaza springi. Shaba inabaki imeshikana mpaka springi ifike ukomo wake, ndipo inajifyatua na kuitenganisha shaba kwa kishindo kimoja. Ukizungusha kwa haraka au kwa uvivu, kasi ya kukata ni ileile, na mwali haupati nafasi ya kukua. Ule mlio wa 'ta!' unaousikia ukizima taa ndio huo: springi imefanya kazi yako.

Wako watakaosema ni jambo dogo, springi tu. Mimi sioni hivyo. Wenzake walikuwa wakimfundisha mtu namna ya kuzima. Holmes aliiondoa hatari mikononi mwa mtu akaibeba yeye mtengenezaji. Hakutaka tena kujua kama anayezima ni fundi, ni bibi, au ni mtoto wa miaka minne.

Kampuni ilikua. Walitengeneza jenereta za DC walizoziita Castle, kwa jina la ngome ya mji wao, na wakafunga stima kwenye meli zilizoundwa Tyne. Ndani ya meli swichi mbovu ni msiba mkubwa zaidi, kwani hakuna pa kukimbilia. Baadaye kampuni hiyo ikachukuliwa na Reyrolle, kampuni kubwa ya swichi za mitambo ya umeme iliyokuwa Hebburn, ng'ambo ya mto. Holmes alifariki mwaka 1935. Swichi yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Discovery, mjini kwao.

Huku kwetu, mwaka ule Holmes alioanzisha kampuni, ndio mwaka ambao Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, Unguja, jumba lililokuja kuwa miongoni mwa ya kwanza Afrika Mashariki kuwa na stima. Mombasa ikapata kampuni yake ya umeme mwaka 1908. Waingereza walipotufungia waya, walitufungia kwa desturi zao, ndiyo maana swichi ya Kenya huwashwa kwa kubonyezwa chini, ilhali kwa Mmarekani chini ni kuzima.

Na je, springi ya Holmes bado imo kwenye swichi zetu? Imo, lakini imelegezwa. Stima inayotoka kwa nguzo siku hizi ni AC, inayogeuka kwenda na kurudi. Kwa mfumo wetu wa hezi 50, hufika sufuri mara 100 kwa kila sekunde. Mwali unapozaliwa, hufa wenyewe karibu papo hapo. Kwa hivyo watengenezaji waliona hakuna haja ya mfyatuko mkali wala mwanya mpana, wakafanya swichi nyembamba na za bei rahisi. Kwa AC hilo ni sawa kabisa.

Tatizo ni kwamba DC imerudi, na imerudi kwa mlango wa sola. Mtu ana taa mbili za volti 12, hiyo haina neno kubwa. Lakini siku hizi visima vinapigwa pampu kwa sola. Misikiti, shule na nyumba za wageni kuanzia Kwale hadi visiwa vya Lamu wanaweka paneli juu ya paa. Paneli zikiungwa kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, volti hujumlika zikafika mia na mamia, zote DC. Ni stima ya wakati wa Holmes, tena yenye volti nyingi kuliko zile alizozijua yeye.

Nimekwisha kuitwa mahali ambapo kati ya paneli na mashine waliweka swichi ya kawaida ya AC, kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani na ilikuwa rahisi. Plastiki ilikuwa imeyeyuka ikatiririka ukutani kama nta ya mshumaa. Aliyefunga alikuwa amewaambia wenyewe kwamba waliizima vibaya. Yaani miaka zaidi ya 130 baada ya 1884, mkono wa mtumiaji ndio umerudishiwa lawama.

Kwa hivyo unapofungiwa sola, usione haya kumwambia fundi akuonyeshe swichi kabla hajaitia ukutani. Kwenye mwili wake pana alama. Kijimstari cha wimbi, kama nyoka, ni AC. Mstari ulionyooka, wenye vijistari vya kukatika chini yake, ni DC, na kando yake lazima pawe na volti inayoweza kukata. Ikiwa ina wimbi peke yake, na inawekwa kwenye waya zinazoshuka kutoka kwenye paneli, mwambie airudishe. Ya DC ni ghali zaidi, sikatai. Ndani yake utaikuta springi kali na mwanya mpana, na nyingine huongezewa sumaku ya kuusukuma mwali mpaka ukatike.